Mia Sita kwa Kilo

Chitanda kaja na mizani toka Masasi,
kaitundika kwenye boriti ya banda kabla ya salamu ya pili.
"Chuma ni chuma," anasema, "mia sita kwa kilo.
Ikiwaka, hapo tutaongea lugha nyingine."

Nayo ipo pale, Biesei ya baba,
ya mwaka hamsini na sita. Tangi lina kibonyeo
cha goti lake la kushoto, siti imetoboka, sponji inachungulia,
na katikati ya spoki za nyuma kuna vumbi la salfa
ambalo hakuna mvua iliyoweza kulibembeleza litoke.
Miaka kumi na moja chini ya magunia.
Kuku wametotoa humo, na vifaranga wao wametotoa humo.

Luchingu, asubuhi ya Juni. Ukungu umefika kizingitini,
mkorosho wa jirani hauonekani, unasikika tu ukidondosha.
Shazili ananiuzia petroli kwenye chupa ya maji,
kisha anaegemea Boksa yake ya kuwasha kwa kidole gumba,
na wenzake wawili wanasogea kutazama
mwanamke wa miaka arobaini na tatu
akigombana na chuma.

Platini nimezipiga msasa tangu jana.
Jeti nimeipuliza mpaka ulimi ukafa ganzi.
Plagi nimeikausha juu ya makaa, kama muhogo.

Kiki ya kwanza: pumzi tu,
ya mtu anayejifanya hakusikia adhana.
Kiki nyingine. Nyingine. Harufu.
Halafu ikarudisha,
ikanipiga muundi pale pale ilipompiga yeye,
aliyekufa na kovu lenye umbo la korosho.

"Niipime?" anauliza Chitanda.

Baba hakuwa na nguvu. Watu walidhani anazo.
Bwana shamba Malibiche, mwembamba kama mpini wa jembe,
alikanyaga taratibu, taratibu,
mpaka mguu ukutane na kile kigumu kilicho ndani,
na hapo alisimama, kama aliyefika mlangoni kwa mkwe.
"Usimpige," aliniambia. "Mtafute pumzi yake.
Ukishaipata, mpishe kidogo."
Akavuta kile kiwiko cha mkono wa kushoto, klik,
akakipita kile kigumu kwa upana wa ukucha,
akaachia.
Kisha hakupiga kwa mguu. Alishuka mzima,
kofia na miwani na daftari la wakulima mfukoni.

Nikavua kandambili. Nikatafuta kwa unyayo.
Ipo.
Nikaipisha.
Nikashuka.

Ikakohoa kutu, ikakohoa manyoya,
dugu,
dugu, dugu,
ikashika, dugudugudugu, bati la banda likatetemeka,
Shazili akapiga yowe kama katia goli yeye,
na mizani ya Chitanda ikaanza kuyumba, haipimi kitu.

Hapo ndipo mama akatoka jikoni
na ndoo ya maji ya moto, taulo begani,
hatua zake za haraka, zile zile
za kila jioni alipoisikia inapanda kutoka Mkunya.
Akafika katikati ya ua.
Akasimama.
Mvuke wa ndoo, moshi wa eksozi, ukungu:
hukujua kipi ni kipi.

Chitanda anasema kitu, mdomo tu unaonekana. Laki saba, nadhani.
Nikafunga koki. Ikanywa tone lililobaki,
ikapiga mbili za mwisho zisizo na haraka, ikanyamaza.
"Laki nane," akasema, sasa wote tukasikia.

Mama alikuwa anatazama ndoo.
Newala maji hayamwagwi.
"Oga wewe," akasema. "Una grisi mpaka masikioni."

Nikaichukua, nikaingia uani, nikavuta pazia la gunia.
Nje bei inapanda, naisikia.
Maji ni ya moto
kuliko ninavyopenda mimi.